Mashabiki Waliopandwa Kama Miche

Waliohudhuria kikao walikuwa hawa: mwenyekiti wa klabu, ambaye ndiye aliyekiitisha, meneja wa uwanja, ambaye watu humwita Funguo kwa sababu husikika kabla ya kuonekana, mpangaji wa viti, na kompyuta yake mapajani, Radi, mpiga ngoma wa mashabiki, safari hii bila ngoma, na Shangazi, kiongozi wa nyimbo wa tawi la mashabiki. Shangazi ni mkunga mstaafu. Kwa damu ni shangazi wa mpangaji wa viti, lakini kwa miaka mingi amekuwa shangazi wa kila mtu anayevaa jezi ya timu ile. Mweka hazina alitoa udhuru.

Kikao kilifanyika asubuhi, katika chumba cha mikutano kilicho chini ya jukwaa la magharibi. Chumba kilikuwa bado kinanuka rangi na gundi ya zulia. Viti vyake vilikuwa havijavuliwa nailoni, hivyo kila mtu alipojisogeza kidogo, wenzake wote walijua.

Mwenyekiti hakupindisha maneno.

"Jamani, wenye televisheni wamenipigia. Wanasema mechi zetu zinaonekana kama mazoezi. Kule uwanja wa zamani tulikuwa na jukwaa moja la mbao, na watu walijaa mpaka wengine wakakaa juu ya ukuta. Hapa tuna paa, tuna taa, tuna vyoo vyenye maji. Watu ndio hatuna. Sasa, yule bwana mwenye uwanja mdogo ng'ambo ya mji yuko tayari kutupokea kwa msimu wote uliobaki. Mchana huu anataka jibu. Nikisema ndiyo, tunahama, na hapa patakodishwa kwa harusi na mikutano."

"Maharusi watakaa golini?" aliuliza Funguo.

"Maharusi golini, wakwe kwenye kona," alisema Radi. "Wakigombana, mwamuzi yupo."

Walicheka, isipokuwa mpangaji wa viti. Yeye aliujua uwanja huo tangu ulipokuwa vigingi na kamba katika kiwanja chenye matope. Aliacha kazi yenye uhakika ili aje kuuandaa, na kila safu ya viti, kila namba iliyobandikwa mgongoni mwa kiti, ilipita mikononi mwake. Timu ikihama, hakuna atakayemhitaji mtu wa kupanga viti. Lakini hilo halikumuuma kama wazo kwamba angekuwa amejenga nyumba nzuri na kuikabidhi kwa upepo.

"Mwenyekiti, naomba nieleze kwanza jinsi tunavyokaa," alisema.

Aliuonyesha mchoro wa uwanja ukutani. Vitone vyeusi, kila kimoja kikiwa mshabiki mmoja wa mechi iliyopita, vilikuwa vimetapakaa majukwaa yote kwa mpangilio wa kupendeza. Kompyuta iliagizwa hivyo: kila mtu anaponunua tiketi, apewe kiti kilicho mbali na aliyemtangulia, kama mkulima anavyopandikiza miche na kuachia nafasi. Kusudi lilikuwa kwamba kamera, popote itakapogeuka, isikute eneo tupu kabisa. Hata viti vyenyewe vilichaguliwa vya rangi mchanganyiko, ili kwa mbali kiti kitupu kidhaniwe mtu. Mpango huo ulisifiwa sana ulipowasilishwa. Siku ya ufunguzi haukuonekana ubaya wake, kwa kuwa mji mzima ulikuja kulitazama paa na kila kiti kikapata mtu. Baadaye waliokuja kwa ajili ya paa waliliona, wakaridhika, wakabaki majumbani mwao. Waliobaki ni wale wa siku zote, na mpango ukaendelea kuwatawanya.

"Unaona? Hakuna pengo kubwa popote," alisema Funguo kwa fahari kidogo. "Umepangwa vizuri."

"Umepangwa kama makaburi ya serikali," alisema Shangazi.

"Shangazi!"

"Nini? Nimeulizwa maoni, natoa. Msimamo wangu ni ule ule. Uwanja huu hauna roho. Turudi kwenye mbao zetu."

"Mbao zimeshapikiwa, Shangazi," alisema Radi. "Hata misumari sijui iko wapi."

"Basi tuhame. Afadhali padogo penye watu."

Mwenyekiti alifungua mikono, kama mtu aliyepata shahidi asiyemtarajia. Ikiwa hata kiongozi wa nyimbo anataka kuhama, kikao kingejadili nini zaidi? Mpangaji wa viti aliliona hilo, naye akamgeukia shangazi yake moja kwa moja.

"Shangazi, mechi iliyopita uliondoka wakati wa mapumziko. Kwa nini?"

"Unataka niseme mbele ya watu?"

"Sema tu."

"Haya. Niliondoka kwa sababu nilikaa kama mtu anayesubiri kung'olewa jino. Kulia viti, kushoto viti. Huyu Radi nilimwona kule juu, mdogo kama nzi ukutani. Nikaanzisha wimbo. Unajua nani aliitika? Muuza maji. Alidhani namwita. Nikaona aibu, nikanunua maji ambayo sikuyataka, nikaenda zangu nyumbani. Mimi! Maisha yangu yote nimewaambia wanawake 'sukuma', wakasukuma. Siku ile nilishindwa kuwaambia washambuliaji."

Radi alitikisa kichwa. "Na mimi kule juu nilipiga ngoma mpaka mzee mmoja akaniuliza kama naumwa."

Mpangaji wa viti aliutazama mchoro kwa muda. Vile vitone vilivyokuwa vikimpendeza tangu mwanzo wa msimu alianza kuviona kwa jicho jingine: kila kimoja kilikuwa mtu aliyezungukwa na plastiki. Alifunga kompyuta.

"Naomba tutoke nje, sote," alisema. "Jambo hili halijadiliki tukiwa humu."

Funguo alitangulia, akilia kama kengele. Walipanda ngazi, wakatokea jukwaa la mashariki, lile linalotazamana na kamera. Chini yao mkata nyasi alikuwa akiiendesha mashine yake taratibu katika eneo la katikati. Jua la asubuhi lilikuwa nyuma ya jukwaa, na viti vilikuwa baridi.

Mpangaji wa viti aliwaketisha kama kompyuta ingewaketisha. Alimweka Shangazi safu za chini. Alimpeleka Radi juu karibu na paa, Funguo pembeni kabisa, na mwenyekiti upande wa pili wa jukwaa hilo hilo, mbali hata na sauti ya funguo. Yeye mwenyewe alisimama kwenye ngazi.

"Shangazi, anza!"

Shangazi alijiweka sawa, akavuta pumzi.

"Wameingia wangapiiii?"

Jibu la wimbo huo kila mtu analijua: kumi na mmoja. Lakini Radi aliitika akiwa amechelewa, kwa sababu alisubiri kusikia kama mwingine ataanza. Funguo aliitika Radi alipomaliza. Kutoka kwa mwenyekiti hakukutoka kitu.

"Watatoka vipiiii?"

"Vichwa chini!" alijibu Radi, peke yake.

"Vichwa... chini," alisema Funguo, kama mtu anayerudia somo asilolielewa.

"Mwenyekiti!" aliita mpangaji wa viti. "Mbona huimbi?"

"Naimba!"

"Hatukusikii!"

"Mwanangu, naona aibu! Niko peke yangu huku! Mtu mzima nitapigaje kelele peke yangu, nitaonekana nimerukwa na akili!"

Sauti yake ilivuka uwanja wote, ikagonga paa, ikarudi. Kila mmoja alilisikia neno hilo vizuri, na mwenyekiti mwenyewe alilisikia kuliko wote. Alibaki amesimama, mkono umeshika kiti cha mbele, akivitazama viti vitupu vilivyomzunguka. Hakika hakuwahi kukaa huku. Tangu uwanja ufunguliwe alikuwa akikaa magharibi, kwenye viti vya kitambaa, kati ya wageni wa heshima, bega kwa bega.

"Njooni hapa wote," alisema mpangaji wa viti. "Safu moja. Msiache nafasi."

Walikuja. Waliketi wakibanana kiasi kwamba Funguo alilazimika kuzihamisha funguo zake upande wa pili wa kiuno. Radi alikunja ngumi, akaanza kuugonga mgongo wa kiti cha mbele, na kiti kile cha plastiki kikaonyesha kwamba kina sauti nzito kuliko kilivyodhaniwa.

"Wameingia wangapiiii?"

"Kumi na mmoja!"

"Watatoka vipiiii?"

"Vichwa chini!"

Mwenyekiti aliimba kuliko wote, nje ya sauti ya wimbo, macho ameyafumba. Mkata nyasi alizima mashine, akageuka, akapiga makofi. Paa lilishika kelele ile ya watu wachache na kuirudisha imeongezeka, jambo ambalo ukuta na mbao za uwanja wa zamani hazikuweza kamwe.

"Ala!" alisema Shangazi, akitazama juu. "Kumbe linaitikia."

"Linaitikia likiitwa na watu walio pamoja," alisema mpangaji wa viti.

"Mwenyekiti, sauti yako ni kama mlango wa stoo," alisema Shangazi. "Lakini usiiache nyumbani."

"Nimesikia, Shangazi."

Mpangaji wa viti alikaa safu ya mbele yao, akawageukia. "Mpango wa kutawanya watu ni wangu. Nilifikiria kamera, sikumfikiria anayekaa. Naufuta leo. Mechi ijayo tuwaweke watu pamoja, hapa hapa katikati ya mashariki, safu za chini, mpaka pajae."

"Ngoja kwanza," alisema Funguo. "Ukiwarundika hapa, kwingine kote kutakuwa kweupe. Kwenye televisheni tutaonekana kama kichwa kilichonyolewa nusu."

"Sasa hivi tunaonekana kama kichwa chenye mba," alisema Radi. "Afadhali nusu."

"Lakini mashariki hapana," alisema Shangazi. "Sisi watu wa nyuma ya goli. Tangu lini tumekaa ubavuni? Tena jioni jua litakuwa usoni. Nyinyi wakubwa mtakaa kivulini magharibi, mkitutazama tunavyoiva?"

"Nyuma ya goli kamera haifiki, Shangazi. Mkikaa hapa, kila mpira unaopita katikati mtakuwa nyuma yake. Mtu aliyeko nyumbani atawaona mkiruka, ataona wivu, atakuja. Nyuma ya goli mtajifurahisha wenyewe."

"Na jua?"

"Jua sina la kulifanya. Vaeni kofia."

Shangazi alimtazama binti wa kaka yake. Alikuwa amemzoea mtoto aliyepanga viatu vya wageni wote mlangoni, vikubwa kwa vikubwa, vidogo kwa vidogo, mpaka wageni wakashindwa kupata pea zao. Hakutegemea kumwona akisema "sina la kulifanya" na kubaki ameketi, bila wasiwasi.

"Baba yako alikuwa mbishi hivi hivi," alisema hatimaye. "Sawa. Ubavuni. Lakini Radi akae karibu nami, si juu kule na ndege."

"Atakaa ubavuni mwako."

"Na huyu?" Shangazi alimwelekeza mwenyekiti kwa kidevu.

Mwenyekiti alikuwa ameshatoa simu mfukoni. Mchana ulikuwa unakaribia, na yule bwana wa ng'ambo ya mji alikuwa akisubiri. Aliitazama, akaiweka juu ya goti bila kupiga.

"Nikikataa kuhama na uwanja ukabaki hivi hivi, mtasema mwenyekiti alikuwa mjinga," alisema. "Semeni tu. Mimi nitakaa hapa mashariki, na wageni wa heshima watakaa nami. Asiyetaka jua aangalie kwake." Akamgeukia mpangaji wa viti. "Mwanangu, nimekubali. Uamuzi utangaze wewe, maana utekelezaji ni wako."

Mpangaji wa viti alisimama. Mkata nyasi naye alikuwa amesogea karibu, akiwa ameegemea ubao wa matangazo, kwa hiyo alipaza sauti ili asikie na yeye.

"Timu haihami," alisema. "Kuanzia mechi ijayo, tiketi zitauzwa kuanzia kiti cha katikati cha jukwaa la mashariki kwenda nje, bega kwa bega. Hakuna eneo jingine litakalofunguliwa mpaka hili lijae. Viti vitupu hatutavificha tena. Kila mtu avione, ajue nafasi yake ipo. Shangazi ataongoza nyimbo, Radi atapiga ngoma, Mwenyekiti ataitika. Na yule bwana wa uwanja mdogo apigiwe simu sasa hivi, ashukuriwe, aambiwe hapana."