Njoo Upunge Pepo

Mzee nisiyemjua aliingia ofisini bila hodi, ngoma begani, nyuma yake binti anayesumbuliwa na kwikwi. "Kijana, hapa ndipo mnapopunga pepo?" Nilidhani utani, hadi aliponionyesha tangazo nililoliandika mwenyewe kuhusu ufukwe mpya wa mji wetu wa kando ya ziwa: "Njoo Upunge Pepo, Upate Afya." Herufi moja ya "upepo" ilikuwa imenitoroka. Ofisi nzima ilicheka, isipokuwa mkuu wangu, Mhandisi Kabyemera. "Bahati yako lango," alisema. Lango la marumaru la ufukwe huo, nililolichora kwa miezi mitatu, ndilo lingenipatia ajira ya kudumu kesho yake mbele ya kamati. Nikaiinamia ramani kwa aibu, usingizi ukanichukua.

Nikajikuta kwenye ufukwe wangu, umekamilika, unang'aa. Nje ya lango mapepo waliosoma tangazo walikuwa wamepanga foleni: Haraka mwenye saa kila mkono, Wasiwasi akimuuliza kila mtu kama kweli foleni ndiyo hii, Kinyongo akikataa kusimama karibu na Wivu, na Uchovu, mama mwenye beseni la nguo kichwani, akisinzia wima. Mlinzi alikuwa Fahari, kavaa suti na miwani ya jua. "Wagonjwa hawaingii!" akafoka. "Mtachafua mahali pa afya!"

"Kwani ndani kuna nani?" nikauliza.

"Mimi, nikitoka zamu."

Nyuma yangu mtu akacheka. Alikuwa Bibi Utu, mwenye kanga na ndala. "Mwanangu," akasema taratibu, "umechora afya ukawasahau wanaougua. Upepo wa ziwa haujawahi kumwomba mtu kitambulisho."

Uchovu akafumbua jicho moja. "Baba, mie marumaru ya nini? Nipe ngazi ya kuteremkia majini, na benchi penye kivuli. Utanipa?"

"Nitakupa, mama."

"Haya. Usiamke ukasahau. Nyie wasomi nawajua!"

Mapepo wakaangua kicheko, nami nikazinduka, shavu limenata kwenye karatasi. Dirishani niliwaona kina mama kando ya ziwa wakifua pale pale nilipochora nguzo za lango. Tangazo langu lilikosea herufi. Ramani ndiyo iliyokosea watu. Nikachukua kifutio.

Kesho yake, mlangoni pa kamati, Mhandisi Kabyemera aliichungulia ramani, akanivuta pembeni. "Lango liko wapi?"

"Pana ngazi, mkuu. Na mabenchi."

"Vizuri. Ukakalie hayo, maana ofisini kwangu huna tena kiti."

Nikaingia, nikaikunjua ramani mezani.