Ukoko wa Padri Thursfield

Mdogo wangu Makungu alitoka Unguja akaja Birmingham kusoma habari za mfukua makaburi. Si utani. Miaka nenda miaka rudi, chumba cha juu nyumbani kwangu Balsall Heath, kijana mzima na Padri Thursfield wake, Mzungu wa zama za Malkia Victoria. Jumapili alizika watu wake, Jumatatu akaenda kuwafukua waliozikwa na wengine.

"Dada Mwanasiti, yale ni makaburi ya kale," aliniambia. "Ni elimu."

"Mla ni mla leo," nikamjibu, "mla jana kala nini? Shuka ule."

Kushuka alishuka, maana kila Ijumaa nilipika pilau na ukoko nikamwachia yeye. Pale mezani ndipo nilipojua kwamba wachimbaji waungwana wa zama za padri wakishachimba tuta la kaburi waliacha chini kabisa kisahani cha bati chenye jina na mwaka, ili atakayekuja ajue katanguliwa. Thursfield naye alikuwa na tabia hiyo. Lakini tuta moja, aliandika, hataligusa. Anawaachia watu wa baadaye watakaojua kuchimba kuliko yeye. Makungu alijenga tasnifu yake yote juu ya ahadi hiyo: padri hakuwa mwizi wa makaburi, alikuwa mwanachuoni mwenye kujizuia.

"Ajizuie na tuta?" nikasema. "Wewe sufuria tu huwezi kuipita."

Kiangazi cha 1972 watu wa chuo wakalichimba tuta hilo. Makungu akaenda na sambusa zangu, akarudi nazo. Chini, penye mifupa, walikuta kisahani: Thursfield, 1869. Miaka mitatu tu baada ya ahadi. Nilicheka, Mungu anisamehe, kisha nikamtazama usoni nikaacha.

Akaanza kufunga sanduku. Tasnifu imekufa, alisema, wenzake wanamcheka, anarudi kwao. Chakula nilichompelekea kilipanda ngazi kikashuka kama kilivyo. Iliniuma, nasema kweli. Mtoto wa mama yangu huyo.

Nikasimama mlangoni kwake. "Mwenzio alijizuia miaka mitatu. Wewe kwa ukoko hujawahi kujizuia hata pilau ipoe. Na alipokula alitia jina lake. Mwizi gani huyo anayeacha jina?"

Akaendelea kukunja mashati.

Ijumaa nikapika pilau, nikaifunika, nikaenda zamu yangu kiwandani Tyseley. Nilivyorudi nikaanza kupakua. Wali juu umetulia, umesawazishwa vizuri, usingejua kama umeguswa. Upawa ulipofika chini haukukuta ukoko. Sufuria ilikuwa imekwanguliwa ikang'aa, na katikati ipo peni moja, zile za zamani zilizokwisha kufutwa, yenye kichwa cha Malkia Victoria.

Juu, taipureta ilikuwa inalia.

Nikakaa jikoni nikala pilau bila ukoko, nikicheka huku machozi yananitoka. Halafu nikampigia kelele ashuke aoshe sufuria.