Dobi Alivyousafisha Mtandao

Dobi huyu mtaani walimwita Mstari, kwa sababu suruali ikitoka mikononi mwake ilikuwa na mstari wa pasi ambao nzi akitua angejikata mguu. Hilo tumpe, ni haki yake. Kwa kazi alikuwa hodari. Kwa mengine yote alikuwa kichwa kimevimba, mtu aliyeamini kwamba dunia imejaa madoa na yeye ndiye aliyetumwa kuyatoa. Madoa yenyewe yalikuwa watu: jirani anayecheka kwa sauti, mteja anayesahau karanga mfukoni, kinyozi wa ng'ambo ya barabara kwa kosa la kuwa kinyozi. Wote aliwatazama kwa jicho la pembeni, mkono mmoja kwenye pasi na mwingine kiunoni.

Mtu mmoja tu alimponyoka katika dharau hiyo, naye ni binti yake. Alikuwa mtoto wa pekee, muuguzi, aliyekwenda kufanya kazi nchi ya mbali na huko akapata mchumba, fundi wa lifti, kijana wa huko huko. Dobi aliposikia alinuna mpaka mashati ya watu yakachelewa. Lakini binti alimjua baba yake. Alimpigia simu akamwambia, kwa ile sauti ya utotoni, kwamba wazazi wa kijana wanapanda ndege kuja kumwona, kwamba mama wa kijana ana wasiwasi kama atapokewa, na kwamba yeye binti hataolewa mahali ambapo baba yake na mama mkwe wake hawawezi kukaa meza moja. Akamwomba awe mtu wa watu siku hizo chache tu. Dobi akaahidi, na akaahidi kwa moyo mmoja. Tangu siku hiyo kila mteja aliyekuja kuchukua nguo zake alilazimika kwanza kusikia habari za wakwe wanaokuja na ndege.

Sasa njoo kwenye simu. Pale dukani simu ilikuwa moja, ya kaunta, na ukurasa wa mtandaoni ulikuwa mmoja, wenye jina la duka na picha ya dobi mwenyewe amekunja mikono kama waziri. Asubuhi aliishika yeye, akiperuzi huku akisubiri pasi ipate moto. Mchana, akiingia chumba cha nyuma kwenye mvuke, simu ilibaki na mkewe, aliyekaa kaunta akishona vifungo vilivyong'oka na kuwahudumia wateja. Utaratibu huo ulidumu miaka bila ugomvi, mpaka wageni walipoanza kuingia.

Walianza kidogo kidogo. Asubuhi moja ni bibi mmoja anacheza densi bustanini, chini yake maandishi ya ajabu, herufi zimejikunjakunja. Kesho yake ni mzee anamhutubia paka. Keshokutwa ni mwanamke anafungua mdomo polepole, anatamka neno moja, anarudia, anatabasamu, anarudia tena. Dobi akaona ni matusi. Yeye, na akili zake timamu, kabla hata hajanywa chai, aonyeshwe mtu anazungumza na paka kwa lugha isiyo na kichwa wala miguu? Akabonyeza zile nukta tatu za pembeni, akachagua “Sitaki kuona hii”. Simu ikamjibu kwa adabu kwamba imeelewa. Kesho yake wakaja wengi zaidi.

Ikawa vita. Kila asubuhi aliwafagia, kila asubuhi wengine walikuwa wamekaa palepale. Chini ya kila posti kulikuwa na neno dogo, “Tafsiri”, ambalo mtu yeyote mwenye udadisi angelibonyeza walau mara moja. Yeye hakuligusa. Aliwaambia wateja, tena akijisikia mchekeshaji, kwamba upuuzi ukiutafsiri unabaki upuuzi, ila sasa na wewe umeshiriki. Wateja walicheka, maana mtu aliyeshika suti yako ya harusi lazima umchekee.

Mwishowe alikwenda kwa fundi simu, kibanda cha tatu kutoka kwake. Fundi akaigeuza simu, akaigeuza tena, akamweleza kwamba haina ugonjwa wowote. Mtandao, alisema, humletea mtu kile anachokitazama. Ukitazama mpira unaletewa mpira. Kama wageni wanarudi, basi kuna anayewatazama, tena anawatazama mpaka mwisho na kuwapa laiki. Dobi akamwambia kwamba nyumbani kwake hakuna mwendawazimu. Fundi akasema hajataja wazimu, ametaja kutazama. Dobi akamnyang'anya simu yake, akaondoka bila hata kuaga, na njiani kote alikuwa akisema peke yake kwamba siku hizi kila anayemiliki bisibisi anajiona profesa.

Lakini neno lilikuwa limeshamkaa. Mchana huo aliacha pasi, akatoka chumba cha nyuma akinyata, akachungulia katikati ya makoti yaliyotundikwa. Akamwona mkewe ameegemeza simu kwenye mkebe wa vifungo. Yule mwanamke wa kufungua mdomo polepole alikuwa anatamka, na mkewe anamfuatiza, midomo inajikunja, sindano imesimama hewani. Alikosea, akajicheka, akarudia.

Mwanamume mwingine angeguswa, au angalau angeuliza kwa upole. Mstari alicheka kwa sauti ya kumwita mtaa. Mkewe alishtuka, kisha akakaa vizuri akamwambia ukweli: hataki siku ya wakwe akae na mkwe mwenzake wakitazamana kama magunia mawili. Anataka amkaribishe, amuulize habari za safari, amwambie binti yetu tumekupa. Anajifunza kidogo kidogo. Dobi akamwita mteja aliyekuwa mlangoni, akamwomba mkewe arudie lile neno ili mteja naye afaidi. Mkewe hakurudia. Akarudia yeye mwenyewe dobi, kwa kubana pua na kuviringisha macho, na mteja akatazama viatu vyake.

Mteja alipoondoka, mama wa watu alijaribu mara nyingine.

“Hao unaowafuta sio wote wa bure,” alisema. “Kuna mmoja humo ni—”

“Wote ni uchafu,” dobi akamkata. “Na kuanzia kesho simu hii inajua lugha moja, yangu.”

Mkewe akafunga mdomo. Msimlaumu. Ukiishi na mtu anayekukata kauli tangu ujana wako, unafika mahali unaacha kumalizia sentensi, unamwacha ajigonge. Na yeye hakudhani kwamba mtu mzima, mwenye binti wa kuoza, anaweza kujigonga kiasi kile.

Asubuhi iliyofuata dobi alifanya usafi mkuu. Alizama kwenye mipangilio ya simu, akaondoa kila lugha isipokuwa moja. Kisha akaanza kuwafungia watu, mmoja baada ya mwingine. Bibi wa densi akala bloku. Mzee wa paka akala bloku. Mwalimu wa kufungua mdomo, bloku, na kwa huyo alibonyeza kwa kidole kizito zaidi. Pasi ilipata moto, ikapoa, hakuiangalia. Alikuwa na raha ambayo hakuipata tangu alipomfukuza mteja mmoja kwa sababu ya karanga.

Ndipo akakutana na mwanamke mmoja wa makamo, picha yake ua jekundu. Alikuwa ameweka picha ya masanduku mawili ya safari, yamefungwa kamba, yamesimama sebuleni kwenye zulia safi, na chini yake mistari mirefu ya yale maandishi na mioyo mingi. Dobi aliyatazama masanduku hayo kwa kinyaa. Mtu mzima anawapigia watu picha ya mizigo yake, ili iweje? Huyu aliona bloku peke yake ni adhabu ndogo. Akaandika chini ya picha, kwa lugha yake mwenyewe, bila kukosea hata herufi:

“Bibi, na mizigo yako ukae huko huko kwenu. Hapa hatuhitaji uchafu wako.”

Siku hiyo simu hakumwachia mkewe; akaliacha neno hilo mchana kutwa, akamsomea kila aliyeingia. Mmoja aliuliza kama si vibaya kumtukana mtu asiyemjua. Dobi akamjibu kwamba tusi asilolielewa mtu si tusi. Alikuwa na hakika kabisa. Maadamu yeye hakuwaelewa wao, basi wao wangemwelewaje yeye? Haikumpitia akilini kwamba huko waliko yeye ndiye mgeni mwenye herufi za ajabu, na kwamba lile neno dogo la “Tafsiri” lilikuwepo kwenye simu zao pia, likingoja mtu mwenye adabu ya kutaka kujua ameambiwa nini. Jioni, alipoona hajibiwi, akamfungia na yule wa masanduku. Ukurasa ukawa mweupe. Akajipongeza.

Binti alipiga simu siku ya pili, saa za kazi, jambo ambalo si kawaida yake. Mkewe alikuwa kaunta anashona kifungo, pini amezipanga mdomoni. Dobi alipokea mwenyewe, sauti kubwa ya kuwaonyesha wateja kwamba mwanawe yuko ng'ambo.

“Baba,” binti alisema, “nani aliandika chini ya picha ya masanduku?”

Alianza kucheka, kwamba sifa zake zimefika mbali. Kicheko kikafa njiani. Binti alikuwa anamweleza, polepole, kwa sauti ya muuguzi anayetoa majibu mabaya, kwamba mwenye masanduku ni mama wa mchumba wake. Kwamba alikuwa anawaonyesha ndugu na marafiki kwamba amemaliza kufunga mizigo, anakwenda kumwona baba wa mkwe wake. Kwamba alipoona jina la duka na picha ya dobi alifurahi, akamwita mumewe waje wasome pamoja, wakabonyeza tafsiri.

Tumwambie nini mtu huyu? Hapo alikuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi kabisa mbele yake, neno moja tu, nisamehe, na mtoto angelipokea, maana watoto wa kike ndivyo walivyo kwa baba zao. Akamtazama mkewe, naye mkewe akamtazama. Kisha dobi akageuka kidogo kuelekea ukutani, eti ndio asisikike.

“Simu hii mchana huwa anayo mama yako,” alisema.

Mkewe alisikia. Pini mdomoni mwake hazikutikisika.

“Mama humwandikia kwa lugha yao,” binti alisema. “Anakosea kila mstari, na yule mama anamsahihisha, na wanacheka. Kila siku, Baba. Tangu nilipowaunganisha. Kwenye simu hiyo anayeandika kwa lugha yetu ni mmoja tu.”

Binti akamwambia kwamba mama mkwe yuko hapo pembeni yake na anataka kuzungumza. Loo, mngemwona mtu huyo alivyojiweka sawa. Alishika kola, akakohoa, akaanza kukusanya maneno ya kiutu uzima, kwamba mitandao ina mambo, kwamba kuteleza ni kwa kila mtu, binti angemtafsiria.

“Na Mama,” binti alisema. “Anataka kuzungumza na Mama.”

Mkewe alitoa pini mdomoni moja moja, akazichomeka kwenye kitambaa. Akaipokea simu. Akasema neno, lile lile ambalo dobi alilibania pua mbele ya mteja, na kutoka upande wa pili sauti ya mwanamke ikamjibu kwa neno hilo hilo. Kisha wakaendelea. Mkewe alikwama, akatafuta, akapata, akakosea, akasahihishwa. Kuna mahali alilia, akajifuta kwa shati la mteja ambalo lilikuwa limeshapigwa pasi. Kuna mahali alicheka. Dobi alisimama katikati ya duka lake mwenyewe, lenye jina lake mlangoni, asiambulie hata silabi.

“Anasema nini?” alinong'ona.

Mkewe akamwinulia kiganja asubiri. Akasubiri. Akajaribu kuusoma uso wake, uso aliolala nao miaka yote hiyo, akaona kwamba nao hausomeki.

“Anasema nini?” akauliza tena, sasa kwa kuomba.

Mkewe akaaga, kwa maneno mengi na marefu kuliko yale aliyokuwa akijifunzia kwenye mkebe wa vifungo. Akaiweka simu kaunta, kioo chini.

“Hawaji,” alisema. “Ndoa itafungwa huko. Wamenitumia tiketi.”

“Na mimi?”

Mkewe alifikiri, kwa haki kabisa, kama mtu anayepitia upya mazungumzo yote asije akamdhulumu.

“Wewe hukutajwa,” alisema, akamgeukia mteja aliyekuwa amesimama mlangoni na kumwuliza anachukua nguo gani.