Sababu ya Saba

Kwanza tuelewane: karani wa masijala hahitaji pikapu ya fowili, ile inayovutwa na magurudumu yote manne. Kazi yake ni kupokea mafaili, kuyapiga mhuri na kuyapanga kwenye rafu, na kutoka kwake hadi ofisini ni robo saa kwa miguu, lami tupu, hata dimbwi hakuna. Lakini mtu akishapenda, hakosi sababu. Huyu wetu alipata saba. Ofisini walimwita Sababu tangu zamani, maana hakuchelewa bila sababu, hakukataa bila sababu, na hakuwahi kukosea ila kosa likapata mwenyewe mwingine.

Aliziandika kwenye karatasi ya ofisi, akazipa namba, akapanda nazo mlimani kwa mama yake Jumamosi moja ya kiangazi. Mama aliishi huko juu na binti yake mkubwa, dada yake Sababu, katika nyumba ya vyumba vitatu mwisho wa njia ya udongo mwekundu. Wakati wa jua njia ile hata baiskeli hupanda. Mvua ikinyesha inakuwa sabuni. Wagonjwa wa kule hushushwa kwa machela, watu sita au wanane wakipokezana mabega, saa moja na nusu mpaka kwenye lami.

Sababu akakohoa, akasoma. Gari dogo huzama, hilo moja. Mwenye pikapu hakodi gari la mzigo, mbili. Bei yake haishuki upesi, tatu.

"Ya nne ni kwamba unaitaka," dada akamkatiza, mikono yake ndani ya ungo wa maharage.

Mama alicheka. Sababu hakucheka. Aliruka mpaka mwisho wa karatasi, kwa kuwa alijua wapi pa kugonga.

"Ya saba ni wewe, Mama. Tabibu alisema nini? Kifua kikikubana tena, ukidungwa dawa ya mshipa mapema, usipone kwa nini? Ukichelewa, basi. Sasa siku hiyo nisikuone unabebwa mabegani mwa watu kama gunia la mkaa. Nitapanda mpaka hapa mlangoni, mvua inyeshe isinyeshe. Utakaa mbele, kwenye kiti chako."

Mama akajifuta macho kwa ncha ya nguo. Lile shamba la bondeni, lenye maji mwaka mzima, liliuzwa kabla ya mwezi kwisha.

"Mama, hilo ndilo linalotulisha," dada alisema.

"Na huyu ndiye atakayenishusha," mama akajibu. "Ng'ombe haelemewi na nundu yake, mwanangu."

Pikapu ikaja. Nyeupe, ndefu, imeinuka juu ya magurudumu yake mpaka mke wake Sababu akawa anapandia kigoda. Sababu hakuondoa nailoni kwenye viti. Kila Jumamosi aliiosha mbele ya nyumba, redio juu, na akipata mtazamaji aliingia ndani akavuta gia ndogo, ile ya kuamuru magurudumu yote manne yavute. Taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. "Hii," alisema, "haijui tope ni nini."

Na kweli haikujua. Seremala wa kule mlimani, jirani yao wa ukuta kwa ukuta, alishuka kumwomba ambebee mbao za kumalizia paa. Sababu alizitazama mbao, akaitazama rangi ya pikapu yake. "Mbao zako zina misumari, ndugu yangu. Isingekuwa misumari, hata leo." Seremala akasema sawa, akazibeba kichwani safari nne. Watu wa namna hiyo hawasemi mengi, lakini usidhani hawaweki moyoni.

Mwaka haujafika nusu, fundi wa magari akampa Sababu ushauri.

"Bosi, unachoma mafuta bure. Gari lenyewe linalala kwenye lami. Tuitoe shafti ya mbele, hili bomba la chuma linalopeleka nguvu magurudumu ya mbele. Wengi wanatoa. Ukitaka kwenda porini unairudisha, boliti nane tu."

"Na taa ya kijani?"

"Itawaka kama kawaida. Nani atajua?"

Swali hilo lilimtosha Sababu. Shafti ikatolewa. Mke wake, mwanamke asiyependa maneno mengi, aliuliza jambo moja: "Na kwa Mama?" Akajibiwa kuwa itarudishwa masika yakikaribia. Masika yalikaribia, yakafika, yakapita. Yakaja mengine. Na kwa kuwa mjini wezi wa vyuma chakavu hawalali, siku moja ya jua kali Sababu aliifunga shafti ndani ya gunia, akaipandisha mlimani.

"Nitunzie chuma hiki, Mama. Kisipate kutu."

Mama hakuuliza ni cha nini. Cha mwanawe, basi.

Asubuhi ya kifua ilikuja Jumanne, siku ya tatu ya mvua. Simu ililia Sababu akiwa anakunywa chai.

"Mama kabanwa," dada alisema. "Tangu alfajiri. Seremala yuko hapa na wenzake sita, machela tayari. Tunashuka naye. Tukutane kwenye lami."

Hapo sasa. Angesema "haya", hadithi hii isingekuwepo. Lakini alimwona seremala akilini mwake, bega chini ya machela, akimtazama kama yeye alivyozitazama zile mbao.

"Msimguse!" akafoka. "Mama yangu habebwi kama kuni na mimi nipo. Nakuja na gari. Dakika arobaini nipo mlangoni."

"Njia imekufa, mdogo wangu."

"Dada, hili gari limenunuliwa kwa ajili ya siku ya leo. Mvalishe viatu."

Mama alivalishwa viatu. Akakalishwa kwenye kiti barazani, mkoba mapajani, na seremala na wenzake wakakaa ukutani na machela yao, wakingoja.

Sababu alipoiacha lami alivuta gia ndogo. Taa ya kijani ikawaka, akatabasamu peke yake. Mwinuko wa kwanza aliumaliza kwa kasi. Wa pili pikapu ilianza kutikisa makalio. Kwenye kona nyembamba, ukingo mkono huu na korongo mkono huu, magurudumu ya nyuma yalizunguka, yakachimba, yakazama. Alikanyaga mafuta. Alirudisha, akavuta tena gia ile, taa ikawaka tena, kijani kibichi kizuri. Akashuka kutazama. Magurudumu ya mbele yalikuwa masafi, hayakuwa yamezunguka hata mara moja.

Ndipo akakumbuka. Alisimama kwenye mvua na viatu vyake vya ofisi, akaiona ile shafti ilipo: juu kabisa, chumbani kwa mama yake, ndani ya gunia. Chuma cha kulipandishia gari mlimani kilikuwa mlimani.

Simu ikalia.

"Umefika wapi? Mama anauliza."

Angeweza kusema wakati huo. Watu saba walikuwa wamekaa na mikono mitupu. Neno moja tu, "mbebeni," na mama angekuwa njiani.

"Nakunja kona," Sababu akasema. "Nipeni dakika kumi."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini siku ile iliwarefukia wengine. Alivunja matawi akayatia chini ya matairi. Alikusanya mawe. Aling'oa hata ile nailoni ya viti akaitandika kwenye tope, na pikapu ikaila. Nusu saa. Dada akapiga tena.

"Hatusikii hata mlio wa gari."

"Ni mvua inazuia sauti. Nipo chini yenu hapa."

"Midomo inabadilika rangi. Niambie kweli. Wambebe?"

"Dada, mtu akishangojea saa nzima hashindwi na dakika tano."

Mara ya tatu hakupiga. Aliyeamua ni seremala. Alisimama, akasema, "Huyu haji," wakamlaza mama kwenye machela na viatu vyake miguuni.

Sababu aliwasikia kabla hajawaona, na Mungu amsamehe, alifurahi. Watu saba! Alijua watamsukuma. Alikwisha kuinua mkono kuwapungia, ndipo akaona walichobeba.

Pikapu ilikuwa imeiziba njia. Ikabidi wamwinamishe mama ubavu, wapite wakikwaruza ukingo, mmoja akizama mpaka magotini. Hakuna aliyemsalimu Sababu. Machela ilipokuwa sambamba na mlango wa dereva, mama alifungua macho. Aliiona rangi nyeupe, akamwona mwanawe amelowa tope mpaka kifuani.

"Si niliwaambia," akasema kwa sauti ya pumzi tu. "Mwanangu kafika."

Alikata roho kabla hawajafika kwenye lami. Tabibu alisema wangewahi saa moja tu, angepona, na Sababu aliyasikia maneno hayo akiwa amesimama mlangoni mwa zahanati, na hakuna aliyemtaka akae.

Siku ya nne baada ya maziko, waombolezaji wakiwa bado barazani, dada alimwita chumbani kwa mama. Juu ya kitanda kulikuwa na kitu kimezungushiwa shuka safi. Dada akakifungua. Shafti iling'aa.

"Alikuwa anaipaka mafuta kila Jumapili," dada alisema. "Mafuta ya kupikia, siku nyingine mboga ikakosa. Nikimuuliza cha nini, anasema, sijui, lakini mwanangu akikihitaji asikikute na kutu."

Sababu alifungua mdomo. 

"Usihangaike," dada akamwambia. "Yule fundi aliyekuja kulivuta gari lako ametueleza ni cha nini. Mbele ya watu wote, na seremala akiwepo. Haya, kichukue."

"Dada, nitakuja nacho siku nyingine, gari likishatengenezwa..."

"Kichukue sasa. Mama alibebwa na watu saba kwa sababu yako. Hiki utakibeba mwenyewe."

Hakupaza sauti. Alilinyanyua lile bomba, akamtwika begani, akamfungulia mlango.  Sababu alipita barazani, katikati ya majirani, mafuta ya mama yake yakimchirizika kwenye shati, na seremala akavuta miguu pembeni kumpisha.