Turubai Juu ya Maharage

Isidori alikuwa mtu mwema, lakini kuuliza kulimshinda. Angeweza kupotea njia tangu Moshi mpaka Korogwe, na bado akamwambia mkewe kwamba ameamua mwenyewe kupitia huko. Euphrasia alishamzoea. Safari hii, hata hivyo, ndani ya vani yao mlikuwa na maharage ya kina mama wote wa kigango chao cha Kibosho, na waliyemkabidhi ni yeye, siyo mumewe. Mjane Celina aliyachambua ya kwake punje kwa punje, akafunga gunia kwa uzi mwekundu, akasema, "Mama Theophil, nimekuamini wewe."

Mpango wenyewe ulikuwa mwepesi. Manubhai, mwenye duka la jumla Kariakoo, aliahidi kuwapa kina mama upenu wa ghala lake wauzie hapo kila msimu, mradi mzigo wa kwanza auone kwa macho yake kuwa ni mkavu. Basi wakafika, wakakuta Divali imeingia na duka limefungwa. Manubhai akawaomba wangoje sikukuu ipite, na kesho yake mchana waje kwake wale vitamu. Kulaza gari lenye shehena mitaani Kariakoo ni kuwakaribisha wezi, kwa hiyo wakaelekezwa kwa Mzee Fikirini, aliyekuwa na kikambi cha wasafiri ufukweni Msasani. Palikuwa na vibanda vichache vya makuti, kisima, na mahali pa kuegesha chini ya mivinje. Wakalala humo humo garini, juu ya magunia.

Asubuhi Mzee Fikirini, kanzu imepigwa pasi, alikuwa anatoka kwenda arusini Magomeni. Wakampa shikamoo, akaitikia, akalitazama gari lililokuwa ukingoni kabisa, magurudumu yanakaribia mchanga.

"Leo bamvua," akamwambia Isidori. "Lisogeze gari hilo."

Isidori akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyezaliwa pale pale.

Mzee alipokwisha kwenda zake, Euphrasia akauliza bamvua ndiyo nini. Mumewe akasema ni mvua kubwa ya pwani, kwani hasikii mwenyewe jina lake? Euphrasia akambembeleza amkimbilie mzee amuulize vizuri. Wapi! Isidori alisema hakuja Dar es Salaam kufundishwa mvua, yeye aliyekulia mlimani kwenye mvua. Na kwa kuwa mvua kubwa huja na upepo, na upepo huangusha matawi, akalitoa gari chini ya miti akaliteremsha kwenye uwazi, kule ambako bahari ilikuwa imejiendea mbali na kuacha mchanga mgumu kama sakafu. Akalifunika kwa turubai, akakaza kamba mpaka viganja vikamchubuka. Kazi ilikuwa safi, hilo simnyimi.

Kwa Manubhai walikaribishwa barazani. Shobhana, mke wa Manubhai, akawaletea sinia la vitamu, na Isidori akatafuna huku akieleza habari za mlimani, akijisikia mfanyabiashara kabisa. Euphrasia hakugusa kitu, macho yake yakawa nje. Jua lilikuwa linachoma na mbinguni hapakuwa na hata wingu. Akatoka nje kidogo, akamkuta Mrisho, hamali wa duka, amejinyoosha juu ya mkokoteni wake kwa kukosa kazi. Akamuuliza, kwa utani wa mtu mwenye wasiwasi, mbona hiyo bamvua yao hainyeshi. Mrisho alicheka mpaka akainuka kukaa.

"Bamvua hainyeshi, mama. Ni bahari hiyo. Mwezi ukitaka kuandama, maji yanajaa kuliko siku zote, yanapanda mpaka kwenye miti. Alasiri hii hii utayaona."

Euphrasia alirudi barazani, akasimama mbele ya mumewe bila kujali wenyeji, akamwambia gari liko baharini. Isidori alimtazama, kisha akaiweka sahani chini taratibu sana.

Basi la kurudi lilijikokota. Euphrasia alisali, akaacha, akamlaani mumewe moyoni, akasali tena. Walipofika, mchanga wa asubuhi haukuwapo. Vani ilikuwa imesimama katikati ya maji, yamefika madirishani, na turubai limetulia juu yake vile vile, hakuna kamba iliyolegea. Isidori akajitosa na viatu vyake vya kanisani, akavuta mlango, ukamshinda.

Maji yalipopungua ndipo wakafungua. Magunia yote yalikuwa yamevimba, yanachuruzika maji ya chumvi. Euphrasia akalitafuta lenye uzi mwekundu, akachota maharage kiganjani, maganda yakambandukia vidoleni. Akalia kwa sauti, bila kuona haya.

Mzee Fikirini alirejea kutoka arusini akawakuta hivyo. Alisikitika mno. Alisema tu kwamba alimwambia, na Isidori akakubali kwamba aliambiwa. Mzee akaenda kuwatafutia chai.

Isidori akaketi mchangani, maji yanamtiririka kwenye suruali. Akasema polepole, "Tutawaambia kina mama tulipigwa na mvua kubwa njiani."

Euphrasia alikuwa bado ameyashika maharage ya Celina.

"Hapana, Baba Theophil. Utawaambia ni bamvua. Na Celina akikuuliza bamvua ni nini, utamwambia kwamba wewe hukuuliza."