Betri ya Gervais

Jumamosi, tarehe 4 Novemba 1995. Manyunyu yalianza kabla ya jua kuchomoza, mepesi, ya kulowesha nywele bila kulowesha udongo, na wingu lilikuwa limelala chini juu ya mashamba ya Kasokola kama lisilo na safari.

Athanasie alikuwa ameshasali na kufagia kulizunguka gari. Lilikuwa Peugeot 404, pikapu ya mumewe Gervais, lililokuwa likibeba dagaa kutoka Ikola hadi sokoni Mpanda. Sasa lilikaa ndani ya banda la nyasi, limenyanyuliwa juu ya mawe manne ili matairi yasioze, na matairi yenyewe alikuwa ameyafungua na kuyaweka chumbani karibu na kitanda.

Gervais aliondoka Septemba 1993. Habari za uchaguzi wa Burundi zilikuwa zimewafanya watu waliokimbia mwaka 1972 waanze kuulizana kuhusu mashamba ya baba zao. Yeye, mmoja wao, alipanda boti Ikola akatazame kama la kwao bado lipo. "Wiki mbili," alisema. Oktoba nchi ile ikaingia damu. Hakurudi yeye, haikuja barua, wala hakupatikana aliyemwona.

Siku ya kuondoka alimwachia mkewe agizo moja. "Betri usiiache ife. Kila Jumamosi liwashe, uliache lingurume mpaka umalize rozari nzima." Alimpimia kwa rozari kwa sababu nyumbani hapakuwa na saa.

Athanasie alilishika agizo lile kama amri ya kanisa. Lakini petroli ilikuwa inanunuliwa mjini, na dumu lilikuwa likikauka upesi kuliko mavuno yake ya karanga. Akapunguza rozari ikawa nusu. Mwaka wa pili akapunguza tena, zikabaki Salamu Maria kumi tu. Aliona kazi kubwa ni kuliamsha. Mgonjwa ukimwita kwa jina akaitika, unajua yupo. Humlazimishi kuzungumza mchana kutwa.

Na kila Jumamosi gari liliitika, hivyo naye Gervais alikuwa yupo.

Mama mkwe wake, bibi Eufrazia, hakuliona hivyo. Alitaka matanga ya mwanawe. "Mimi ni mzee," alikuwa akisema. "Nataka nimlilie nikiwa bado nina machozi." Mwaka uliopita, baada ya sikukuu ya Marehemu Wote, ukoo ulikaa kikao. Athanasie alikataa mkeka wa msiba, akaapa kwamba gari la mumewe likiwa hai, hakuna wa kumwita mjane. Dieudonne, mdogo wake Gervais, ndiye aliyetafuta njia: wasubiri mwaka mmoja, na Jumamosi ya kwanza baada ya Marehemu Wote gari lijaribiwe kwa ufunguo na betri ya mwenyewe. Likiwaka, wasubiri tena. Lisipowaka, liuzwe, na matanga yafanyike. Wote walikubali, Athanasie akiwa wa kwanza.

Siku yenyewe ndiyo hii. Tena Jumamosi mbili zilizopita dumu lilikuwa tupu kabisa, gari halikuwashwa. Jana alitembea hadi mjini akapata chupa moja ya petroli.

Saa tatu walifika. Dieudonne alimshika mama yake mkono. Nyuma yao alikuja Athuman, mfanyabiashara wa mjini aliyekuwa tayari kulinunua gari, pamoja na fundi wake Naseeb aliyebeba betri begani.

"Loo, limekaa kwenye mawe kama kuku anayeatamia," Naseeb akacheka. "Mama, litatotoa lini?"

"Funga mdomo," Athuman akamwambia. Kisha akamgeukia Athanasie. "Mama, mimi sikuja kupora. Nimeitwa. Likiwaka, nakunywa maji naondoka."

"Karibu, baba. Maji yapo."

Athanasie aliingia garini, akafanya ishara ya msalaba, akazungusha ufunguo.

*Tak.*

Taa nyekundu ilififia. Akaachia, akasali moyoni, akazungusha tena. *Tak.* Mara ya tatu hata mlio haukusikika.

Hakuna aliyecheka. Dieudonne alitazama miguu yake.

Naseeb alifunua boneti, akafungua vifuniko vya betri kimoja kimoja. "Maji yamejaa. Umeitunza, hata za mjini si safi hivi. Ulikuwa unaliwasha?"

"Kila Jumamosi, isipokuwa mbili zilizopita."

"Kwa muda gani?"

"Salamu Maria kumi."

"Mimi hesabu hiyo siijui, mama. Ni dakika ngapi?"

Athuman alikunja mkono wa kanzu, akaitazama saa yake. "Zisome, tupime."

Athanasie alizisoma kwa sauti, pale pale kwenye usukani, bila kukimbia. Bibi Eufrazia alimwitikia. Walipofika ya kumi Athuman alishusha mkono. "Dakika tatu na nusu."

Naseeb alijifuta mikono taratibu. Utani ulikuwa umemtoka. "Sasa sikiliza. Kuwasha ni kuchota ndoo nzima kutoka kwenye betri. Injini ikishawaka ndiyo inarudisha, kikombe kwa kikombe. Na dainamo hizi za zamani, injini ikinguruma polepole hazirudishi hata kikombe. Wewe kila Jumamosi umechota ndoo."

"Nisingeliwasha je?"

"Ungechomoa waya huu mmoja, ukawa unaipeleka mjini kuchajiwa kila mwezi, leo ingekuwa nzima."

"Nilikwambia, shemeji," Dieudonne alisema, sauti ikiwa chini. "Nilikuomba tuichomoe. Ukasema nataka kumkata kaka yangu."

"Nilisema."

Alishuka. Naseeb aliitoa betri ya Gervais, akaiweka kwenye majani, akafunga ile ya Athuman na kugusa ufunguo. Injini iliwaka mara moja, kwa nguvu, banda likatetemeka, moshi ukawafunika.

Bibi Eufrazia, aliyetaka kulia mwaka mzima, aliruka kama msichana. "Limewaka! Dieudonne, limewaka! Yupo!"

"Mama," Dieudonne alisema, "hiyo ni betri ya Athuman."

Bikizee alibaki ameinua mikono. Kisha akamtazama mkaza mwanawe kwa macho ya kuomba. Neno moja tu la Athanasie lingetosha. Angesema limewaka, na kikongwe angemuunga mkono, na ungeongezeka mwaka mwingine.

Athanasie aliingiza mkono dirishani, akazima mwenyewe. Manyunyu yakasikika tena juu ya nyasi.

"Kaa, mama," alimwambia mama mkwe, akamkalisha kwenye kigoda. Akasimama mbele yao wote wanne, mikono imeshuka.

"Mama, shemeji, na nyie wageni, mnisikie. Gari lichukueni. Jumatatu nitakaa kwenye mkeka. Mtanipa pole, nami nitaipokea. Na kuanzia leo, nikilitaja jina la Gervais mbele ya Mungu, nitalitaja pamoja na marehemu. Naahidi mbele yenu."