Radhi za Voahirana kwa Mnunuzi wa Vitambaa

Dada yangu Voahirana alijifunza misemo ya Kiingereza kama mtu anayekula karanga: mmoja haumtoshi. Na yote ilihusu jambo moja tu, kufikia kiwango. Mnunuzi kutoka Uingereza alikuwa anakuja mjini kwetu Antsirabe kukagua vitambaa vyetu vya meza, na akivikataa, kina mama wa kikundi chetu cha kudarizi wangekosa kazi.

"Kitu kikiwa bora," akaniambia akipuliza moto wa wali, "Waingereza wanasema kimefika kwenye mkwaruzo."

"Mkwaruzo wa paka?"

"Kidomodomo wewe! Na mtu hodari, wanasema anakata haradali."

"Haradali ina mifupa gani mpaka kuikata iwe kazi?"

"Kawaulize babu zao. Kazi yangu mimi ni kusema."

Na kweli akaisema. Siku ya ukaguzi yule mnunuzi, Bi Hilary, alikaa, kalamu tayari mkononi. Voahirana akasimama, shali begani, akaanza kama aanzavyo Mmalagasi yeyote aliyefunzwa kuhutubia: kwa kuomba radhi. Yeye si mkubwa pale. Ulimi wake haukati haradali. Vitambaa vyetu havijafika kwenye mkwaruzo, sindano zetu hazijafika kwenye alama. Misemo iliteremka kwa Kiingereza, kila mmoja mahali pake, hata nywele zikanisimama. Kina mama hawakuelewa neno, ila mwendo wa radhi waliujua. Wakaitikia kwa furaha: "Ndivyo!"

Bi Hilary akafunika kalamu. "Asanteni kwa kusema ukweli," akasema, akiuvuta mkoba wake.

"Dada," nikanong'ona, "amekuamini!"

Voahirana akacheka.

"Bibi, kaa kwanza. Kwetu asiyeanza kwa radhi ndiye wa kuogopwa. Radhi zimekwisha, sasa tazama kazi." Akamtandazia kitambaa magotini. "Kigeuze."

Akakigeuza. Akakigeuza tena. Hapakuwa na fundo wala uzi uliopotea njia. Nyuma palikuwa safi kama mbele. Akavaa miwani, akauliza upande upi ndio wa juu.

"Utakaoupenda wewe," dada akajibu, bila msemo hata mmoja.

Bi Hilary akaanza kuandika oda, akauliza kama tunaweza kumaliza kabla ya Krismasi. Mama yetu, naye mdarizi wa kikundi, akanipiga kiwiko: "Mwambie dada yako amuulize, nyumba zao hazina madirisha? Mapazia pia tunadarizi."